Dua Mbili kwa Mguu Mmoja

Kaka yangu alitoka Unguja kwenda kusoma Marekani kabla ya mapinduzi. Sisi mapinduzi yakatutoa, tukaja Matrah, Omani, kwa ndugu za baba ambao hatukuwahi kuwaona. Tangu hapo yeye hakuwa na pa kurudi. Pasi yake ilikuwa ya serikali iliyokwisha kuanguka, na kuingia Omani siku zile kulitaka ruhusa. Baba aliiomba, jibu halikuja.

Kilichomweka chuoni ni mguu wake wa kulia. Chuo kilikuwa na timu ya ule mpira wa kwao, wa kukimbia nao mkononi na kuangushana, na mwalimu wa timu alimwona kaka akipiga mpira kwa ubavu wa mguu, kama walivyopiga vijana wa kiwanja cha Mnazi Mmoja kwetu Unguja. Akamchukua. Kazi yake ilikuwa kuingia uwanjani, kuupiga mpira upite kati ya milingoti miwili, kisha kutoka. Kwa kazi hiyo walimpa ada, chakula na kitanda. Timu ikimwacha, chuo kimemwacha, na asiye na chuo hana haki ya kukaa nchi ile.

Haya tuliyapata kwa daktari Mmarekani wa hospitali ambako baba alikuwa mkalimani wa Kiswahili na Kiarabu. Magazeti ya kwao yalimfikia yamechakaa kwa safari, na akikuta habari za timu ile humkatia baba kipande. Mimi niliyesoma Kiingereza Unguja ndiye niliyefasiri nyumbani. Katika picha ya kwanza kaka alivaa kofia yenye vyuma mbele ya uso, na mabega si yake. Mama aliuliza kama wamemtia jeshini.

Msimu ulipoanza mama akaanza kufunga Jumatatu na Alkhamisi. Nilidhani ni sunna tu, nami nikamsifu. Siku moja tunachambua mchele akaniambia bila kuniangalia, "Nnafunga ili washindwe. Washindwe, wamfukuze, arudi kwao."

Nikamwambia ruhusa hana. Akasema mtoto akishafika mlangoni kwa mamake, nani wa kumrudisha? Mama yangu alikuwa mtu wa akili, lakini jambo hilo hakutaka kulielewa, na mimi nilikasirika naye kuliko nilivyothubutu kuonyesha.

Baba alipojua, alikuja juu. "Kwao wapi?" aliuliza. "Unguja hatuna, hapa hatakiwi. Wewe unamvunja mguu mwanao." Kisha akajaribu kulifanya mzaha, akasema dua la kuku halimpati mwewe. Mama hakucheka. Basi baba naye kila baada ya sala akawa anaomba timu ishinde, tena kwa sauti, ili asikike jikoni. Wote wawili walitaka niitikie amina. Niliitikia huku na huku, nikajiona mnafiki kwa wote. Hakuna aliyeuliza kaka mwenyewe anataka nini.

Timu ikawa inashinda. Baba akija na kipande cha gazeti huja na halwa pia, na mama hakuigusa. Alikonda. Nilianza kumwonea huruma kuliko kumkasirikia, maana adui yake alikuwa vijana wa mbali wasiojua kama yupo duniani.

Kisha magazeti yakanyamaza. Badala yake baba akarudi na habari kwamba kaka ametuletea kanda yenye sauti yake, na daktari anayo mashine ya kuisikilizia. Tulikwenda asubuhi, mama ndani ya buibui lake, tukakaa kwenye benchi la wagonjwa. Mama alikuwa hajaisikia sauti ile tangu Unguja. Ilikuwa imekuwa nzito.

Alitusalimu mmoja mmoja. Akasema wamefungwa mechi ya mwisho. Mpira wa kuwaokoa aliupiga yeye, ukapita nje ya mlingoti. Mwalimu amekwisha kumwambia kuwa mwakani wana mpigaji mwengine. Chumba cha chuo ametoka, anatafuta kazi, tusihangaike. Wapi analala hakusema. Kisha akamwita mama.

"Mama, usihuzunike. Kila nkisimama kupiga nlikuwa nnasema moyoni, mama ananiombea saa hii. Hata ule wa mwisho nlisema hivyo hivyo."

Mama hakulia. Baba, ambaye angeweza kusema yote aliyowahi kuyasema, aliangalia viatu vyake akanyamaza, na kwa kunyamaza kule nilimpenda sana. Daktari alijua Kiarabu, Kiswahili hakujua. Alitabasamu, akageuza mashine irekodi, akamsogezea mama kinasa sauti amjibu mwanawe.

Kwetu mtoto ndiye aombaye radhi kwa mzazi. Akisafiri huomba, akioa huomba, akikosa huomba, na mzazi hutoa. Kinyume chake sijapata kukisikia ila siku ile.

"Mwanangu," alisema mama, "ni mimi mamako. Nnakuomba radhi. Nisamehe." Daktari alingoja aendelee. Baba akamwashiria azime.

Kanda ilikwenda kwa anwani ile ya chuo, ikazunguka miezi kabla ya kumpata. Jibu la kaka lilitoka mji mwengine, nalo lilikuwa fupi. Aliuliza mama anaumwa nini hata akaomba radhi kama anayeaga, na kwa nini tunamficha.