Raba Mbili Chini ya Pikapu

Hii aibu naisema mimi mwenyewe kabla kijana wangu Wekesa hajawaambia, maana yeye akisimulia ananiongezea ujinga, na ule niliokuwa nao siku hiyo ulitosha.

Tulikuwa tunaenda Rongai kwa kina Chebet, msichana ambaye Wekesa anataka kuoa, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wazazi kuonana. Sasa mimi, badala ya kupiga viatu rangi nitulie, nikaamka hapa kwetu Free Area nikaamua kubadilisha oili ya pikapu mwenyewe, kwa sababu nilitaka ile oili chafu nipake nguzo za ua, mchwa wamezimaliza (ukienda gereji fundi anabaki nayo, naye pia ana ua kwake).

"Baba Wekesa," mama watoto akaniuliza, "hiyo kazi haiwezi kungoja Jumatatu?"

Nikamwambia kwa wakwe hatuendi na oili nzee. Shule niliachia darasa la tatu, lakini mdomo ulimaliza.

Filta ya zamani iligoma, nikaipindua na mikono yote miwili mpaka ikatoka, nikafunga mpya, nikaweka oili, nikaendesha mpaka kwa geti na kurudi (hiyo ndiyo kupima kwangu), nikaoga, nikavaa suti inayonibana tumbo, tukatoka. Kufika Ngata, njiani, tukasikia harufu ya kuungua. Nikasema kuna mtu anachoma shamba.

Kwa kina Chebet wametandika uwanja kabro mpya, yale matofali ya kupangwa chini, imefagiliwa mpaka unaogopa kukanyaga, na mimi nikapaki katikati kama chifu. Tukapewa mursik, maziwa ya kibuyu. Nikasimama kueleza ukoo wetu, kuanzia babu aliyeletwa na kazi ya reli, na hata hadithi haijafika kumzika huyo babu, mjomba wa Chebet akaita kutoka nje:

"Mzee! Ng'ombe yako inakojoa!"

Tukatoka wote. Oili mpya, rangi ya asali, imetapakaa juu ya kabro. Hapo ningeomba fundi, lakini nikavua koti nikaingia chini, nikakaza filta na nguvu zote, nikamwambia Wekesa awashe. Oili ikaruka kama maji ya mfereji uliopasuka, ikapiga shati langu, ikapiga suruali ya mjomba.

"Mtu hawezi kufunga filta," mjomba akasema, "huyo ndiye tunamwachia msichana wetu?"

Mjue kwetu wazazi wa pande mbili wanaheshimiana mpaka unaogopa kupiga chafya mbele ya mwenzako. Na mimi nilikuwa nimelala chali, miguu nje, mbele ya Mama Chebet, mjane anayelima ngano na kuendesha trakta yake mwenyewe, na ndiye mwenye neno la mwisho kwa hiyo boma. Akainama.

"Mzee, ile filta ya zamani ilitoka na raba yake, ile pete ya kuziba oili?"

Nilikuwa na uongo tayari, kwamba ni jiwe la barabara limegonga. Halafu nikaona uso wa Wekesa, mtoto amekauka kama anangoja hukumu.

"Sikuangalia, mama," nikasema.

"Basi imebaki kwa injini, na umefunga mpya juu yake. Raba mbili haziwezi kushika. Zima, uitoe."

Tukangoja ipoe, nikafungua, nikapitisha kidole, na ni kweli, raba nzee imeganda pale kama mkanda. Mama Chebet akaleta oili kwa stoo ya trakta, akashika tochi, mimi nikafunga filta na raba moja tu. Kuwasha, kavu.

Mjomba akaanza tena, lakini yule mama akamkatiza. "Angesingizia barabara kama wengine, ningewarudisha wote leo. Amesema hakuangalia. Ingieni ndani, chakula kinapoa."

Nilikula nimevaa fulana ya kuazima, ya mjomba huyo huyo, na mazungumzo yakaenda vizuri mpaka Wekesa akaanza kupumua.

Nimeapa: pikapu inayoenda kwa watu siigusi hata kwa kitambaa, na filta ikitoka, kidole changu kinapita pale kabla ya kitu kingine. Lakini wakwe hawajanisamehe kabisa. Mpaka leo nikiingia kwao, kabla ya kuulizwa habari ya nyumbani, mtu anasukuma karai chini ya injini yangu.