Chumvi Katika Chungu cha Mkwe

Siku hizi mume na mke husimama bega kwa bega mbele ya jiko la gesi wakibishania chumvi na kucheka, lakini mwaka wa themanini na nne, pale Gede, mwanamume aliyefunua chungu cha mkwewe alikuwa ameivunja nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Dena wa Kavumbi aliyajua hayo tangu utotoni. Kwao Magarini mwanamume hakukanyaga jikoni. Aliketi uani akaletewa wari, ule ugali wa kwao, na mboga, akala alichopewa. Ajabu ni kwamba kazi iliyomlisha ilikuwa upishi. Alipika katika hoteli moja ya watalii Malindi, kofia nyeupe kichwani, akiwakaangia samaki watu waliokuja mezani na kaptura. Msimamizi wake, Ndirangu, mtu wa Nyeri mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alimkariria jambo moja kila siku.

"Onja! Sufuria yako onja, ya mwenzako onja. Mgeni akilalamika, si mimi nitakayerudishwa kijijini."

Miaka sita Dena alionja. Mkono ukazoea, kichwa kikaacha kuulizwa.

Siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumanne. Siku hiyo alirudi Gede kwa mkewe, Mapenzi, aliyempikia mtsunga, yale majani machungu ya shambani, kwa tui zito lililokamuliwa kwa kifumbu. Si haya maji meupe ya pakiti tunayouziwa leo tukaambiwa ni nazi. Dena alikula kimya, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, na Mapenzi akamwuliza swali lake la kila wiki.

"Na wazungu wako wamekula nini?"

"Viazi."

"Maskini."

Masika ya mwaka huo Mapenzi akashikwa na homa kali. Mamake, Jedida, akaja kutoka Ganze kumwuguza. Baina ya Jedida na Dena kulikuwa na heshima ya ukwe: hawakutazamana usoni wala hawakusemezana. Neno la mmoja lilimfikia mwenzake kupitia kwa Mapenzi, na Mapenzi akiwa amelala, waliambiwa kuku. Vijana husikia haya wakaangua kicheko. Na wacheke. Wao husemezana na wakwe zao mchana kutwa, na sijaona nyumba ngapi hilo limezisimamisha.

Jumanne moja Dena alifika adhuhuri, mvua ikinyunya, njaa inamuuma. Uani hapakuwa na mtu. Chungu kilikuwa mekoni, kimefunikwa, na harufu ya tui imejaa kila mahali. Kabla hajafikiri alikuwa amekifunua, amechota kwa upawa, ameonja, amerusha chumvi ya vidole viwili na kukoroga. Alipoinua macho, Jedida alikuwa amesimama na mzigo wa kuni kichwani.

Hakumwambia yeye. Aliugeukia mlango.

"Mapenzi! Mwanangu, uko macho? Hebu mwulize mwenye nyumba amepoteza nini chunguni mwangu. Labda anadhani nimemfichia nyama."

Mtu mwenye akili angeuweka upawa chini, akainamisha kichwa na kuondoka. Dena, mboga ingali kinywani, alicheka.

"Ah, mama! Chumvi ilipungua kidogo tu. Sisi kule kazini..."

Jedida alitua kuni. Aliingia ndani, akamshika mwanawe paji la uso, akatoka na furushi lake, akaondoka na mvua ile ile.

Jambo hilo lilikuwa na dawa, tena si ngumu. Ilitakiwa mbuzi mmoja na kadzama ya mnazi, kile kibuyu kikubwa cha pombe, vipelekwe Ganze na mzee wa ukoo, Dena akae chini na kukiri kosa. Mapenzi alipopata nafuu alimwambia.

"Nenda kabla mahindi hayajavunwa. Mama hatakanyaga hapa mpaka uende. Na mimi siwezi kukaa mahali mamangu hakanyagi."

"Mbuzi mzima kwa chumvi ya vidole viwili?"

"Si chumvi, Dena. Ulicheka."

Kazini aliwasimulia wenzake. Ndirangu alipiga meza. "Nyinyi watu wa pwani! Mama mkwe wangu angenituma niongeze na vitunguu!" Jiko zima likacheka, na Dena akacheka nao. Kicheko hicho cha pili ndicho kilichompotezea njia. Baba yake mdogo, Kalama, alimjia mara mbili.

"Mbuzi ninaye zizini. Nitajie siku tu."

"Msimu wa wageni ukiisha, baba."

Msimu uliisha ukaja mwingine. Mapenzi alingoja mpaka mahindi yakavunwa, kisha akaenda kwao bila kugombana na mtu.

Zile Jumanne sasa Dena alijipikia. Alichuma mtsunga, akakuna nazi, akakamua tui, akaonja, akaongeza, akaonja tena. Kilitoka chakula kizuri cha kuuzia wageni. Alikila wima, bila kujua kama ameshiba.

Mwaka wa themanini na sita alishindwa kuvumilia. Alimchukua Kalama, mbuzi na mnazi, wakafika Ganze asubuhi. Jedida alitoka mlangoni, akamtazama Dena machoni.

"Hujambo, Dena? Mmetoka mbali. Keti upewe uji."

Dena alifurahi. Alidhani amesamehewa, akavuta kigoda. Kalama akamshika mkono.

"Usiketi," alinong'ona. "Husikii anavyosema nawe? Wewe si mkwe tena."

Ndivyo ilivyokuwa. Babake Mapenzi aliwaeleza kwa upole kwamba walingoja mavuno mawili. Baada ya hapo alikuja Mwambire, mkulima wa Magarini, kumposa Mapenzi, na mnazi wake ulikwisha kunywewa. Hakuna aliyemtukana Dena. Walirudi na mbuzi wao, aliyesimama kila kichaka kula majani, na Kalama hakumhimiza.

Mara ya mwisho Dena aliwaona Mapenzi na mamake mwaka wa themanini na nane, Kilifi, enzi ile watu walipovuka kwa feri. Alikuwa akienda Mombasa, akachelewa, akakuta feri imeanza kuacha ufuo. Mapenzi alikuwa ukingoni, mtoto mgongoni, na Jedida kando yake ameshika kikapu. Mapenzi alivunja kipande cha muhogo wa kukaanga, akampa mamake, akasema neno wakacheka wote wawili. Dena aliinua mkono. Jedida alimwona, akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikiwa mpita njia yeyote. Mapenzi alikuwa akikaza leso ya mtoto, hakugeuka.

Dena alipanda feri iliyofuata. Alipofika ng'ambo, basi lao lilikuwa limekwisha ondoka.