Tangazo la Kifo Kwenye Njia ya Viboko

Kule kisiwani Ukerewe kwa shangazi yangu, mtu hapiti njia ya msituni usiku akiwa kimya. Giza likiingia, viboko hutoka ziwani kuja kula majani, na wanapenda njia ileile wanayopenda watu, kwa sababu imefyekwa na haina miiba. Kiboko akikusikia kwa mbali atakupisha, au atakaa pembeni akitafuna mpaka upite. Ukimshtukiza, shauri yako. Kwa hiyo watu wa pale hupita wakiimba, wakigombana, wakisimulia kesi za mbuzi, ilimradi sauti isikatike. Mchana njia ile ilikuwa raha tupu: mawe makubwa upande mmoja, miti upande wa pili, na tumbili wanaokuangalia kama unadaiwa. Usiku sikuwahi kuipita, wala sikuwa na mpango huo.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nimekuja likizo kutoka Mwanza mjini, na nilikuwa mtu wa haya. Si zile haya za kusifiwa, watu wakasema binti ana heshima. Zangu zilikuwa ugonjwa. Dukani nilikuwa nanyoosha kidole nikitaka chumvi. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, nilikuwa nasimama na kutazama viatu vyangu mpaka anachoka mwenyewe, ananiambia kaa chini.

Na likizo ile haya zilikuwa zinanigharimu, kwa sababu kulikuwa na kijana. Nyumba yao ilikuwa katikati ya njia hiyo, mahali ambapo msitu unaachia uwazi kidogo kabla ya kufunga tena. Naye alikuwa likizo, anasoma huko bara. Kila asubuhi tulikutana mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mimi na ndoo yangu, yeye akimsaidia baba yake kupimisha sangara kwa mawakala wa viwanda vya minofu.

“Mambo, dada?” alikuwa ananiambia.

Na mimi nilikuwa nageuka, naanza kuchota maji upya kwenye ndoo ambayo imekwisha kujaa. Nilijiapiza kwamba kabla meli haijanirudisha Mwanza nitamjibu kijana yule. Sikutaka makubwa. Neno moja tu, ajue nina ulimi. Siku zikapita, nikabakiwa na moja.

Siku hiyo shangazi akanichukua kwenda harusini, kijiji cha pili. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa anaitwa kila harusi kwa ajili ya vigelegele, na siku hiyo hakujihurumia. Alivipiga bibi harusi alipoingia, akavipiga alipokula keki, akavipiga zawadi zilipotajwa, hata za sufuria. Jenereta la wapiga muziki lilipozimika na watu wakaanza kutawanyika, nilimwona shangazi anafungua mdomo kuniita na hakuna kinachotoka. Sauti imekwisha. Kilichobaki ni mnong'ono kama wa mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

“Twende,” akanong'ona. “Tunakata msituni.”

“Shangazi, si twende na watu barabarani?”

“Miguu yangu ndiyo itaenda barabarani na viatu hivi? Una tochi.”

Kweli nilikuwa na tochi. Baba aliniletea mwenyewe, aliinunua kwa machinga wa pale mjini. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, bidhaa zinamwagika kutoka kila nchi, na baba, ambaye alikua akipanga foleni ya sabuni, alikuwa hapiti penye kitu kinachong'aa bila kukinunua. Tochi ilikuwa ya rangi ya fedha, nzito, unaweza kumpigia mwizi. Tulipoingia chini ya miti ikaonyesha mwanga mweupe, halafu wa njano, halafu mwekundu kama jicho la mlevi, halafu ikazimika. Nikaitikisa. Shangazi akatoa betri moja, akaing'ata kama wanavyofanya watu wote, akairudisha. Ikawaka kiasi cha kutuonyesha kwamba tuko mbali na kotekote, ikafa moja kwa moja.

Lilikuwa giza la aina ambayo mjini hatuna. Niliinua mkono mbele ya uso wangu na sikuuona. Nikasikia ziwa likilamba mawe, na vyura.

“Imba,” shangazi akanong'ona sikioni.

“Siwezi.”

“Mimi sina sauti. Imba.”

“Shangazi, naona aibu.”

“Aibu ya nani? Upo na mimi tu!”

“Ya wewe.”

Akanifinya. “Sikiliza, mtoto wa kaka yangu. Utaimba hapa, au utaimbiwa kanisani umelala kwenye sanduku.”

Nikajaribu wimbo wa kwaya. Mstari wa kwanza ulitoka kama panya, wa pili haukutoka. Hapo ndipo tukasikia, upande wa kushoto, mtu anachana kitambaa. Kraa. Kimya. Kraa. Lakini hakuna mtu anayechana kitambaa msituni usiku. Yalikuwa majani yanang'olewa na mdomo mpana. Shangazi akanishika mkono kwa kucha zote.

Sasa niseme ukweli wangu. Kuna kitu kimoja tu nilichokuwa naweza kukisema kwa sauti kubwa bila kukosea, nacho nilikisema peke yangu jikoni nikiosha vyombo. Matangazo ya vifo ya redioni. Nyumbani tuliyasikiliza kila siku, kila mtu anaacha kijiko hewani asije akamkosa wake, na mimi nilikuwa namwiga yule msomaji mpaka pale anapovuta pumzi. Haya zangu zilikuwa hazimgusi yule msomaji. Yeye alikuwa mtu mwingine, mtu mzima, mwenye suti.

Nikafumba macho, ingawa hakukuwa na tofauti, nikamwachia asome.

“Ukoo wote unasikitika kutangaza kifo cha mzee wetu mpendwa, kilichotokea leo jioni baada ya kuugua kwa muda mfupi!”

Sauti ilitoka nzito, pana, ikagonga mawe ikarudi. Ule mchano wa majani ukakoma. Shangazi akanisukuma mgongoni: endelea, tembea.

“Habari ziwafikie mwanawe aliyeko Geita! Binti yake aliyeolewa Misungwi! Wadogo zake wote wa Nansio! Pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo!”

Sikutaja jina. Niliogopa kumtaja mtu aliye hai, ni kama kumchimbia. Wala sikufikiri kwamba ufukwe ule mzima, kila nyumba, ina mzee mpendwa, na ina binti aliyeolewa Misungwi. Nilisoma tangazo lote, nikalirudia, na la tatu nililiongezea wakwe. Nilikuwa naliongezea na wajukuu nilipoona mwanga wa karabai mbele yangu, nikasikia mwanamke analia.

“Uwii! Baba jamani! Baba ametutoka!”

Tulikuwa tumefika kwenye uwazi. Nyumba yao. Mama wa kijana alikuwa uani, kanga amejifunga kiunoni, mikono kichwani. Bibi alikuwa ameketi chini ameshanyoosha miguu ya msiba. Kijana alikuwa ameshika karabai, kifua wazi, analia bila kujificha.

“Ametokea wapi mtangazaji?” bibi akauliza kwa machozi. “Nani amewatuma? Amefia wapi mume wangu?”

Nikamwangalia shangazi aeleze. Shangazi akafungua mdomo akatoa hewa, akaonyesha koo lake, akapunga mikono kuwa hapana, hapana. Mama akauelewa ule mkono kuwa habari ni mbaya kuliko walivyosikia, akaongeza kilio. Kwa hiyo dunia nzima ilikuwa inanisubiri mimi, na msomaji wa redio alikuwa ameshaondoka na suti yake. Nikatazama viatu vyangu.

Basi akatokea mzee kutoka nyuma ya nyumba, upande wa choo, amejifunga shuka, ana fimbo.

“Nani amekufa?” akauliza.

Bibi akanyamaza, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. “Wewe.”

“Mimi?”

“Imetangazwa.”

“Na nyie mkaanza kulia bila hata kuangalia chooni?”

“Shikamoo, babu,” nikasema. Ndilo jambo pekee nililokuwa na hakika nalo.

“Marahaba, mjukuu. Nimekufa saa ngapi?”

Hapo shangazi akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu, mpaka akakaa chini karibu na bibi. Akaonyesha msituni, akapanua mikono kama mdomo wa kiboko, na mzee akaelewa upesi kuliko wote. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Bibi hakucheka. Alisema machozi yake hayarudi, na kwamba mzee atayalipa kesho kwa kuchanja kuni.

“Wasindikize,” mzee akamwambia kijana. “Na wewe ndiye upige kelele huko, huyu ameua vya kutosha.”

Kijana akavaa shati, akatangulia na karabai. Nilitembea nyuma yake nikiomba ardhi ipasuke. Msitu ulipofunga tena, akaanza kuimba.

Sijui niandikeje. Alikuwa kijana mzuri kwa mambo mengine yote. Sauti ile ilikuwa ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Alipanda pasipopandika akashuka pasipo na ngazi. Na gizani, kutoka majini, kitu kikubwa kikajibu: hoo, hoo, hoo. Cha pili kikajibu kwa karibu zaidi.

“Kaka,” nikasema, “tafadhali nyamaza. Unawaita.”

Akanyamaza. Akageuka, mwanga ukanipiga usoni.

“Kumbe unaongea.”

“Naongea.”

“Basi tangaza wewe. Mimi nishakufa kwa aibu, nimelia mbele ya wageni. Tangaza kifo changu.”

Hoo, hoo, yakasema maji. Nikavuta pumzi. Nikatangaza kifo cha kijana wetu mpendwa, na yeye, huku akitembea mbele, akawa ananipa ndugu.

“Usimsahau mjomba wa Musoma, ana wivu.”

“Habari zimfikie mjomba wake aliyeko Musoma!”

“Na wanafunzi wenzangu. Na mwalimu wa hesabu, afurahi.”

“Na mwalimu wake wa hesabu, popote alipo!”

Tulipofika kwenye ua wa shangazi, marehemu alikuwa ameshapata ndugu wa nusu ya nchi. Shangazi, aliyekuwa anatufuata nyuma njia yote, akanivuta kanga.

“Muulize,” akanong'ona. “Ameacha mjane?”

Kijana akasikia. Akainamisha karabai chini. “Hajaoa,” akasema.

Nikatangaza kwamba marehemu hakuacha mjane. Sauti ilinitoka kidogo sana.

“Kwa nguvu,” shangazi akanong'ona. “Huku nyuma viboko hawajasikia.”