Magoti ya Kwandu

Nyanjige alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni, na kanisa lilipotafuta mtu wa kuwaandaa vijana sita kwa safari ya Uswidi, likamchagua yeye. Mchungaji alisema amechaguliwa kwa sababu anawapenda vijana. Kweli aliwapenda, lakini sababu kubwa ilikuwa makoti. Tangu enzi za ruksa zilipokuja, biashara ikafunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kushushwa Mwanza, Nyanjige aliuza nguo hizo katika soko la Bariadi, na karibu kila robota alikuta ndani yake koti zito ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelinunua kwa jua lile. Alikuwa akiyarundika uvunguni. Sasa yakapata wa kuyavaa, na kwa siku kadhaa alitembea akicheka peke yake, kwamba makoti ya Wazungu yanarudi kwao mgongoni mwa Wasukuma.

Kicheko hakikudumu. Waswidi ndio waliowahi kuleta injili pande zile, na sasa walikuwa wameandika kwamba makanisa yao yamebaki na wazee watupu. Waliomba vijana waende wakaimbe, watoe ushuhuda, na wawatembelee wazee majumbani. Yaani misheni safari hii inatoka Bariadi. Waumini wengine walipiga vigelegele, yeye akaanza kuhesabu hatari. Mwenyewe hakuwa kwenye msafara na alikuwa hajawahi kuvuka Mwanza, lakini mtoto akipotea katika uwanja wa ndege, macho yote yangemgeukia yeye. Mmoja wao, Masalu, ana pumu, baridi ile itamfanya nini? Na wakipewa nyama ya nguruwe asubuhi, wale au wasile?

Maswali yote hayo alimpelekea Kristofa, mwinjilisti aliyewahi kukaa Uswidi miezi kadhaa akarudi na miwani mipya na maneno mengi.

"Mama, baridi watazoea," Kristofa alimwambia. "Shida itakuwa salamu. Kule hakuna kupiga goti. Binti akimpigia goti bibi wa Kizungu, bibi atadhani ameanguka, au atasikitika kwamba bado tunawaogopa. Kule unamtazama mtu machoni, unampa mkono, unasema jina lako. Basi."

Nyanjige akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Huenda ndilo jambo pekee katika safari nzima aliloona analiweza. Kila Jumamosi jioni alikaa mbele ya kanisa, koti mwilini na kanga kichwani, akijifanya bibi wa Kizungu, huku jasho likimchuruzika. Vijana waliingia mmoja mmoja. Aliyemtazama machoni na kumpa mkono alipita, na aliyekunja goti aliambiwa arudi mlangoni aanze upya.

Wavulana hawakumsumbua. Tabu ilikuwa kwa wasichana, na tabu kuliko zote ilikuwa kwa Kwandu. Binti huyo alitoka kijiji cha Mkula, akiishi na shangazi yake mjini ili asome, na yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo zote. Bila sauti ya Kwandu kwaya ile ilikuwa kelele tu, na kila mtu alilijua hilo, isipokuwa wale walioimba naye. Lakini akimfikia Nyanjige, macho yalishuka na magoti yalikunjika yenyewe.

"Mama, nikisimama naona kama ninamtukana mtu," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Humtukani. Rudi mlangoni."

Akarudi mlangoni jioni hiyo, na Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, mpaka siku moja akaja wima, akamkazia Nyanjige macho, akampa mkono uliokakamaa vizuri. Wenzake wakapiga makofi. Nyanjige alijisikia kama aliyefaulu mtihani.

Kanisa lilikuwa na utaratibu wake: hakuna kijana aliyesafiri bila mzazi kusimama mwenyewe mbele ya waumini na kumkabidhi. Baba yake Kwandu, mzee Luhaga, hakuwa mtu wa kanisani. Alikuwa na ng'ombe zake na pamba yake, na mambo ya wahenga wake aliyashika kama alivyoyakuta. Ruhusa aliitoa kwa shida, kupitia kwa shangazi. Kwa hiyo Nyanjige alimchukua Kwandu wakaenda Mkula kuaga na kumwomba mzee aje.

Luhaga alikuwa amechinja mbuzi na kuwaita ndugu zake. Walikuwa wamekaa uani kwenye vigoda, wamevaa mashati safi. Kwandu alipita langoni, akaenda moja kwa moja hadi kwa baba yake, wima, akamtazama machoni, akanyoosha mkono.

"Shikamoo baba."

Nyanjige, aliyekuwa nyuma yake, aliiona kazi yake mwenyewe pale, imekamilika, haina kasoro.

Luhaga hakuupokea mkono. Aliwageukia ndugu zake. "Huyu nani?"

Hapo Kwandu akazinduka, akajitupa chini kwa magoti yote mawili.

"Goti la kukumbushwa silitaki," mzee alisema taratibu. "Salamu yake ilikuwa ile ya kwanza. Hajapanda hata hiyo ndege, na tayari amekuja mgeni. Akishaipanda ataniletea nini?" Kisha akamgeukia Nyanjige kwa heshima zote, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, wabeja, asante kwa kumsindikiza. Ule, upumzike, halafu urudi Bariadi. Mtoto anabaki."

Nyanjige alikula nyama ya mbuzi, akaondoka peke yake. Kwandu alibaki uani, ameinamisha kichwa.

Mjini kila mtu alikuwa na dawa. Kristofa alisema Elizabeth, msichana mwingine wa kwaya, achukue nafasi, sauti ni sauti. Mchungaji akasema watume wazee wa kanisa wakambane Luhaga. Nyanjige aliwasikiliza, akarudi nyumbani, na kitu alichokikimbia muda mrefu kikamkuta huko.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Violeth, anayefanya kazi ofisini Mwanza. Alikuwa amekuja Krismasi iliyopita, baada ya muda mrefu, akasimama mlangoni na viatu vyake vya visigino, akampa mama yake mkono. Nyanjige aliupokea, akasema karibu, akaenda jikoni kutafuta chumvi iliyokuwa mbele ya macho yake. Hakumwambia Violeth neno, na hakumwambia mtu mwingine yeyote. Iliuma, akaiacha iume. Na bado akakaa mbele ya kanisa Jumamosi zote zile, akiwafundisha watoto wa wenzake jambo lile lile.

Asubuhi aliomba lifti kwenye lori la mnunuzi mmoja wa pamba, mmoja wa wale watu binafsi waliokuwa wakigombania pamba ya vijiji msimu huo, akarudi Mkula. Alimkuta Luhaga zizini, akakunja goti hapo hapo kwenye samadi.

"Baba Kwandu, kosa ni langu. Mtoto alikataa, mimi nikamlazimisha. Nilimrudisha mlangoni mpaka akakubali." Kisha, bila kupanga, akamweleza habari ya Violeth na ule mkono.

Mzee alisikiliza huku akimpapasa fahali shingoni. "Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia karibu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Mimi sikuweza," Luhaga alisema. "Hao wazee wa Kizungu wanaokwenda kuimbiwa, wanaishi na nani?"

"Peke yao, wengi wao. Watoto wako mbali."

"Kwa hiyo hata wa kuwapigia goti hawana."

"Hawana."

Mzee alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, huruma ambayo Nyanjige hakuitegemea. "Basi aende. Lakini magoti yake aende nayo na arudi nayo. Akirudi bila hayo, mayu, sitakwenda kwa mchungaji wenu. Nitakuja kwako."

Luhaga alikuja kanisani, akasimama, akamkabidhi binti yake kwa maneno machache. Vijana wakaondoka na makoti yao. Ndipo Nyanjige akajua kwamba wasiwasi wote wa mwanzo ulikuwa mchezo. Alipunja chenji, akauza sweta moja kwa watu wawili. Mara ile moja vijana walipopiga simu posta, alisikia mvumo, kisha sauti ya Kwandu ikicheka au ikilia, hakuweza kutambua, kisha ikakatika. Siku hizo zote alimwona Kwandu kichwani mwake akimnyooshea baba yake mkono.

Siku ya kurudi, Luhaga alifika stendi kabla ya wote, akasimama kando na fimbo yake. Nyanjige alisimama naye. Basi la Mwanza likaingia na vumbi lake, vijana wakashuka, na wa mwisho alikuwa Kwandu, amevaa koti la kahawia katika jua kali la Bariadi, amekonda kidogo, amesuka nywele kwa mtindo mgeni.

Alimwona baba yake. Akaja, wima, hatua ndefu, akimtazama.

Hatua chache kabla ya kumfikia, Kwandu akashuka chini, koti na yote, kwenye udongo uliolowa oili ya magari. "Mwadila, baba," alimwamkia kwa Kisukuma.

Luhaga hakujibu. Aliinama juu yake, na kutoka pale aliona nywele tu, zile nywele za mtindo mgeni. Nyanjige akawaza, sasa kimepungua nini tena?

"Ng'wanone, mwanangu," mzee alisema, na sauti ilikuwa imemkauka. "Inua uso. Nikuone kama ni wewe."

Kwandu akainua uso, akamtazama baba yake machoni, moja kwa moja, bila kuyumba, kama alivyorudishwa mlangoni mara nyingi mpaka akaweza. Alimtazama hivyo kwa muda mrefu, na wa kwanza kushusha macho akawa mzee, akiyafuta kwa kiganja.

Kesho yake Nyanjige hakufungua biashara. Alipanda basi la Mwanza. Violeth alipofungua mlango alishtuka, akafurahi, akanyoosha mkono. Nyanjige akaukamata kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia.

"Mwanangu," alisema, "Krismasi ile uliniumiza, na mimi nikanyamaza."