Kituo cha Nne

Laiti ningemkatalia madam siku ile aliponiomba niongeze kituo cha nne. Nilikuwa nimestaafu ukarani katika ofisi ya mizigo hapa Deira, huku Uarabuni, na kampuni moja ya utalii ikaniajiri kuongoza matembezi ya historia ya uchumi wa mji. Walinipa kofia, bendera ndogo na kipaza sauti cha kuvaa kichwani, nikafanana na muuza dawa ya panya. Kwa saa mbili niliuza miaka mia katika vituo vitatu: lulu, dhahabu na mizigo, na mwishoni chai ya maziwa. Wageni waliivumilia lulu, wakaipiga picha dhahabu, kisha wakaniuliza mikoba ya bandia inauzwa wapi. Uchumi waliokuja kujifunza ulikuwa huo.

Madam, meneja wa kampuni, ambaye ni rika la wajukuu zangu, alisema wateja wamechoka na majengo.

"Mzee, wanataka mtu. Mfanyabiashara wa zamani, aliye hai."

"Waliokufa wana nidhamu zaidi," nikamwambia. Lakini nikakubali, kwa kuwa nilimjua mmoja.

Sahibu yangu, Mzanzibari kama mimi, alikuwa na duka la vitambaa vya jumla tangu ujana wetu. Kila alasiri wazee watano sita wa kwetu tulikaa kwenye benchi nje ya duka lake, tukinywa kahawa na kuwateta wapita njia. Wote walimwita tajiri. Mimi peke yangu nilijua kuwa duka si lake tena. Alikwisha kuliuza, na mnunuzi akamwacha pale mezani kwa mshahara, maana wateja waliuzoea uso wake. Hata mkewe hakujua. Siku aliyotia saini alinishika mkono, akaniambia, "Nisitiri." Kwetu sisi, ukishaambiwa hivyo hakuna haja ya kuapishwa.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Alivaa kanzu iliyonyooka, akawaeleza wageni jinsi mali ilivyokuwa ikiuzwa kwa kuaminiana, kisha akanitania mbele yao: "Huyu alikuwa karani. Anajua bei ya kila kitu, na hajanunua hata kimoja!"

Wakacheka kila wiki. Nami kila wiki nikachomeka.

Siku moja likaja kundi la Wakenya wanaofanya kazi hotelini, wako mapumzikoni, kwa hiyo nikaongoza kwa Kiswahili. Dada mmoja akauliza, "Sasa mzee, siri ya kudumu kwa biashara ni ipi?"

Sahibu akaniwahi. "Muulize karani. Hodari wa kuhesabu mali za wenziwe."

Wakaangua kicheko. Nikasema, na kipaza sauti kikanisaidia kuusambaza ujinga wangu: "Siri ni rahisi, mwanangu. Uza duka, uajiriwe humo humo, na watu waendelee kukuita tajiri."

Kicheko kikazidi. Pale kwenye benchi hakucheka mtu. Sahibu aliinamisha macho, akaanza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Ningeweza kusema natania. Nilikuwa nasubiri makofi.

Kabla ya Magharibi mkewe alikwisha kuambiwa. Wazee wetu kwa kupeleka habari wanaishinda benki yoyote kwa kupeleka fedha. Kesho yake nikaenda dukani.

"Karibu, mgeni," sahibu akasema. "Unahitaji kitambaa gani?"

"Sahibu, nisamehe. Wallahi ulimi uliniponyoka."

"Rangi zote zipo. Tazama taratibu."

Mwezi ule ule aliacha kazi, akajifungia nyumbani. Nilipiga hodi mara nyingi, nikajibiwa kuwa amelala. Kampuni ikaniandikia barua ya pongezi: kituo cha nne ndicho kilichopendwa kuliko vyote.

Alipofariki, mkewe aliwaagiza watoto nisikanyage msibani. Kukubali kwangu kituo kile kulinigharimu rafiki wa miaka arobaini, na haki ya kumzika.