Obokano Juu ya Mti wa Avokado

Mzee mmoja alifunga duka lake la vifaa vya ujenzi pale Masimba, akarudi kwao Ikonge kupumzika, na hakupumzika hata siku moja. Alifuga nyuki. Aliunga miche ya avokado. Alifungua redio za majirani akazifunga tena, skuru mbili tatu zikibaki mezani. Alichonga wanyama wa mawe ambao mkewe aliwaita wote ng'ombe, asije akakosea.

Mimi nilifika kwake nikitafuta kibarua cha kuchuma majani chai. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuniwasha. Kwake nilikaa miaka mitatu, kwa sababu ya kitu kilichoning'inia juu ya meko jikoni: obokano ya marehemu babake, kinanda chetu cha nyuzi nane, bakuli lake la mti pana kama karai, limewambwa ngozi ya ng'ombe.

"Unaiangalia kama mtu aliyeona mchumba," aliniambia.

"Inapigwa vipi, Tata?" Sikuwa mwanawe, lakini mtu wa umri ule tunamwita tata, baba.

"Kaa uone."

Alinifundisha Jumapili mchana, maana Jumamosi ni Sabato. Kwanza unaiotesha moto kidogo ngozi ikaze. Kisha unafunga uzi mmoja, unausikiliza, unaufungua, unaufunga tena. "Huu mnene usipokohoa kama mzee, bado," alisema. Watoto wake wana ofisi zao Kisii mjini na hawakuitaka. Siku moja akatamka mbele ya mkewe: "Utakapoweza kuzifunga zote nane peke yako, ni yako."

Mkewe akacheka. "Huyu? Huyu hata sufuria hana."

"Ndiyo maana," akasema mzee.

Nilikuwa nimefika uzi wa saba kanisa lilipotaka kumweka awe mzee wa kanisa. Waumini wa zamani wa huku, wakikumbuka obokano, wanakumbuka na chungu cha pombe kilichokuwa kando yake. Wazee wawili wa kanisa walikuja wakanywa chai, wakainua macho juu ya meko, wakayashusha.

Jumatatu iliyofuata akanituma Magwagwa, kwa muuza nyama anayejua kukausha kano za mgongo wa ng'ombe. "Nyuzi hizi zimechoka," alisema. "Subiri zikauke vizuri. Usiharakishe."

Nilisubiri siku nne, nikimsaidia yule bwana kuchuna ngozi. Nilirudi na kano nane zimefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Juu ya meko palibaki umbo la obokano tu, peupe kwenye masizi.

Nilimkuta chini ya mti wa avokado, amevaa wavu wa nyuki. Juu kwenye panda, lile bakuli lilikuwa limevuliwa ngozi na kufunikwa ubao. Nyuki wachache walikuwa wameanza kuingia.

"Bakuli la zamani, nyuki wanalipenda," akasema, kama anayenionyesha redio iliyopona.

"Na kano hizi, Tata?"

Hakunitazama. "Nilijua utabisha. Ndiyo nikakutuma."

"Si ungenipa niondoke nayo?"

"Watu wangekuuliza umeitoa kwa nani."

Asubuhi iliyofuata niliondoka. Mkewe alikuwa amenipikia chai, niliiacha mezani.

Mwaka huu binti yake mkubwa alinipigia simu. Mzee amefariki, na mzinga uko karibu na mahali pa kusimamisha hema. Nije niwahamishe nyuki, maana hawana mwingine aliyewahi kuwafuga pamoja naye. Nilikwenda, lakini sikwenda kwa ajili ya msiba. Nilitaka bakuli.

"Ukishawatoa, hicho kibakuli chukua," binti aliniambia.

Jua lilipopoa niliwafukiza nyuki, nikawahamishia kwenye sanduku. Kisha nikakwangua nta, nikaligeuza bakuli mkononi. Alikuwa amelitoboa matundu matatu ubavuni, akayapiga msasa pembezoni, laini kabisa, nyuki wasikwaruze mabawa. Katika miaka mitatu sikumwona akimaliza kazi vizuri namna ile.

Kesho yake wasifu wake ulisomwa: alipenda nyuki, miche, redio, kuchonga mawe, kwaya. Watu wakaitikia amina. Mkewe peke yake aligeuka kunitafuta kwa macho, nami nikatazama viatu vyangu.

Bakuli nililiacha chini ya mti; lilishakuwa mzinga. Kano nane bado ninazo mkobani, zimekakamaa kama fito. Saba najua pa kuzifunga. Uzi wa nane hakuwahi kunionyesha.