Mistari ya Makaa Nyuma ya Mlango

Baba yako amekwisha kupigwa sindano ngapi?

Daktari Mzungu aliniuliza mimi, si baba, kwa sababu baba hakujua Kifaransa, nami nilikuwa nakisoma kwa masista. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilijibu upesi, na jibu sikuwa na hakika nalo.

Baba alikuwa fundi wa reli hapa Élisabethville. Alikwenda likizo kwao kaskazini, akashikwa na ugonjwa wa malale, na dispensari ya misheni ikaanza kumtibu. Likizo ilipokwisha alirudi, akaendelea na sindano kwenye dispensari ya kambi yetu. Kule kaskazini hawakumpa karatasi yoyote. Kwa hiyo alijiwekea hesabu yake: kila sindano mstari mmoja wa makaa, ukutani nyuma ya mlango. Zile za kaskazini alizichora siku aliyofika, kabla hajafungua sanduku. Hata wakati ule sikuwa mtu wa kuamini upesi. Nilimuuliza anajuaje kama hakusahau hata moja.

"Ungepigwa weye, ungesahau?"

Kisha likaja agizo la usafi: kila nyumba ya kambi ipakwe chokaa kabla ya ukaguzi. Mama alisimama mbele ya ule ukuta, akamzuia mtu aliyetumwa kupaka.

"Acha hapa kidogo, baba. Iko hesabu ya dawa ya bwana yangu."

Mtu wa chokaa alicheka. "Mama, hii iko ukuta ao iko kaye ya kuandikia masomo? Bazungu bakiona makaa hapa, ni miye batafukuza. Sogea."

Brashi ilipita mara mbili.

Wiki chache baadaye baba alianza kutuambia macho yanamsumbua. Mwanga unatetemeka, alisema, kama anatazama juu ya bati lililopigwa na jua. Tukaenda kwa daktari. Habari ya macho niliieleza vizuri kabisa. Hapo ndipo daktari alipoweka kalamu chini na kuuliza sindano ni ngapi, nami nikamgeukia baba.

"Kumi na tano," baba alisema. "Mwambie: tisa za kule, sita za hapa."

Mezani palikuwa na fishi yake, ile kadi ya kambi. Niliisoma ikiwa imenielekea kichwa chini. Sita. Fishi ilikuwa na muhuri na sahihi. Baba alikuwa na ukuta mweupe. Nikaona daktari atamdhania baba mwongo, na mimi mjinga niliyetafsiri uongo.

"Sita," nilisema kwa Kifaransa.

Daktari alichukua tena kalamu. Sita ni chache, alisema, haziwezi kuharibu macho. Huo ni moshi wa garimoshi. Dawa iendelee mpaka mwisho.

Nje baba alinishika bega.

"Nimesikia 'sis'. 'Sis' iko sita."

"Fishi inasema sita, baba."

"Na miye nilisema ngapi?"

"Mistari haipo tena."

Akakunja mkono wa shati, akacheka kidogo. "Basi hesabu hapa, mademwazeli." Ndivyo masista walivyotuita wasichana.

Nilitazama. Vitundu viliingiliana, vingine vilikwisha kupona. Sikuweza.

Alitaka turudi ndani. Mlinzi wa mlango alituzuia: aliyekwisha kuonwa ameonwa, aje wiki ijayo. Wiki iliyofuata hatukumkuta daktari, tulimkuta muuguzi, sindano iko tayari. Nilimwambia ni kumi na tano, si sita. Alisoma fishi, akafunga mkanda wa mpira kwenye mkono wa baba.

Mvua zilipoanza, baba alikuwa akienda misa mkono wake begani mwangu. Reli ilimwondoa kazini. Malale yalipona, na fishi iliandikwa hivyo: amepona. Mimi niliendelea na shule, nikawa mtu wa kubishana na kila karatasi yenye muhuri, jambo lisilomsaidia yeye hata kidogo.

Mwaka jana, nikiwa chuo kikuu, nilikwenda kaskazini kuwasalimia ndugu zake. Sista wa dispensari ya misheni alinifungulia rejista ya zamani baada ya mimi kumsumbua siku mbili. Jina la baba lilikuwapo. Chini yake sindano tisa, kila moja na tarehe yake. Na pembeni mwa ile ya tisa, kwa Kifaransa, mkono wa mtu mwingine uliandika: mgonjwa analalamikia macho, dawa hii asipewe tena.